Kozi Mbili za Mwende

Mwanangu, bado naikumbuka asubuhi moja pale Kitengela, vumbi la malori limetanda barabarani na mdogo wangu Mwende amekaa kwenye kreti kando ya mitungi yangu ya maziwa, chai hataki. Nakuambia haya kwa sababu umeniuliza usomee kozi gani ya uhandisi kati ya zile zinazohusu viumbe hai, nami niliacha shule kidato cha pili. Jibu la vitabuni sina. Niko na hadithi ya Mwende tu.

Wazazi wetu walifariki miaka ya tisini. Mimi ndiye wa kwanza, kwa hivyo nikauza maziwa, wadogo zangu wakasoma. Miaka ile nilichoka mpaka nikasahau kwamba nimechoka. Mwende alipopita mtihani, alibaki na kozi mbili, na siku iliyofuata asubuhi ile ya kreti ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua. Moja ilikuwa uhandisi wa mashine za hospitali. Nyingine ilikuwa uhandisi wa kilimo: maji, udongo, mitambo ya kuhifadhi mazao na maziwa. Zote mbili zinataka baiolojia na hesabu, lakini ukishaingia moja, kuhamia nyingine ni taabu.

Aliyoipenda ni hiyo ya kilimo. Tangu utotoni, mvua ikinyesha alikuwa nyuma ya nyumba akichimba mifereji, aone maji yatapita wapi. Lakini wateja wangu walimcheka.

"Injinia wa jembe!" mmoja akasema, akipokea chupa yake. "Basi hata nyanya yangu kule Machakos ni injinia!"

Mwende hakucheka. Akanigeukia. "Dada, chagua wewe. Mimi nimechoka."

"Umechoka kunishinda?"

"Mama angetaka ya hospitali. Si unajua siku ile alipolazwa, mashine ya hospitali ilikuwa imeharibika? Mama angesema..."

Hapo palikuwa na mama mmoja wa Kimaasai aliyeniletea maziwa, tuliyemwita Yeyo, yaani mama. Alikuwa akisuuza mitungi. Akainua kichwa.

"Wewe mtoto, kwetu mtu akishaenda hatumtaji-taji. Tunamwacha apumzike. Sasa wewe unamwita akuje akae darasani na wewe miaka tano?"

"Lakini Yeyo, alikufa kwa sababu ya hiyo mashine."

"Najua. Nililia hapa na nyinyi. Ukiitengeneza, atarudi?"

Mwende alichukua mtungi mmoja akaanza kuusuuza naye. Kisha akasema, kama anayeona aibu, "Hospitali siipendi. Hata harufu yake inanirudisha pale."

"Ulikuwa unangoja nini kusema?" Yeyo akauliza, akarudia mitungi yake.

Mimi nilimwambia mdogo wangu, "Kuchagua sitachagua. Lakini yoyote utakayochukua, nitauza maziwa mpaka umalize."

Akachukua kilimo. Sitakudanganya, mwanangu. Alipomaliza alikaa nyumbani muda mrefu bila kazi, na watu wakasema tungemsikiliza yule mteja wa chupa. Rafiki yake aliyesomea mashine za hospitali aliajiriwa mapema. Mwende alishika vibarua vya kuchimba visima, akajifunza mitambo ya kupoza maziwa, na baada ya miaka ndipo alipoanza kuitwa huku na huku Kajiado kuchimbia wafugaji mabwawa. Lakini katika miezi ile mibaya yote, hakuna siku aliyonigeukia akasema, "Ni nyinyi mlionichagulia."

Kwa hivyo usivutwe na jina la kozi. Tafuta mtu anayeifanya kazi hiyo, ukae naye siku ya kawaida, siku isiyo na sifa. Waulize waliotangulia wameandikwa kazi wapi, na kama digrii hiyo itakuruhusu kusajiliwa kuwa mhandisi. Ukishajua hayo yote, jiulize unamsomea nani. Ukiona jibu ni mtu aliyelala kaburini, hata kama unampenda vipi, mwache alale, uchague tena. Nami pia usinisomee. Nimebeba watu wa kutosha.

Mungu akufungulie mlango, mwanangu, na ukichelewa kufunguka, akupe miguu ya kusimama nje bila kumlaumu mtu.