Presha ya Baba Mkwe

Ukitaka kujua Makatiso ni mtu wa namna gani, muulize mwanamume yeyote wa kijiji cha Ha Lefosa aliyewahi kuacha dawa zake za presha. Atakusimulia. Mwanamke huyo anakufuata mpaka zizini, anakusimamisha mbele ya ng'ombe wako mwenyewe, anakusema mpaka mbwa wanaona haya. "Umeacha dawa kwa sababu umepona? Nani kakwambia umepona? Hawa ng'ombe?" Kisha anakutolea kidonge, unameza akikuona, halafu anataka ufungue mdomo na kunyanyua ulimi ahakikishe hukukificha. Mtu mzima na ndevu zako, unanyanyua ulimi.

Alikuwa muuguzi pekee wa ile zahanati ya mawe iliyo juu ya mto, huko milimani Lesotho ambako theluji ikianguka hakuna gari linalopanda. Kazi aliijua, na hakuona sababu ya kujifanya haijui. Chuo kikuu kilipokuwa kinatafuta zahanati ndogo za kufanyia utafiti wa presha na sukari, haya magonjwa ambayo ukishayapata unakaa nayo maisha, hakungoja kuombwa. Alimpigia simu Daktari Nthatisi, mwenye utafiti, akamwambia, "Daktari, njoo kwangu. Kwangu watu hawakimbii."

Na kweli hawakukimbia. Utafiti wenyewe haukuwa na mambo mengi. Nyumba zinachaguliwa kwa kura, kila mtu mzima wa nyumba iliyochaguliwa anapimwa, awe mgonjwa au mzima, na wanaokutwa na presha wanafuatiliwa kuona nani anaendelea na dawa, nani anaacha, na kwa nini. Nyumba ikigoma, inaandikwa imekataa, yameisha. Zahanati nyingine zilikuwa na nyumba za kukataa tele. Makatiso hakuwa na hata moja, na alihakikisha kila mtu anajua kwamba hana hata moja.

Halafu kura ikaiangukia nyumba ya Ntate Sekake Lefosa, yaani Mzee Sekake, baba mkwe wake.

Lo! Mdomo wote ule ukaisha. Maana kwa akina Lefosa, mwanamke aliyeolewa hamgusi baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hataji jina lake, wala hasemi naye ana kwa ana. Mzee akiingia mlango huu, mkwe anatokea ule. Kinachofungua mwiko huo ni kondoo. Siku mzee anapomkabidhi mkwe kondoo kwa mkono wake, basi, kuanzia hapo anaweza kumwita baba na kumpa maji ya kunawa kama binti yake. Wengi humtoa kondoo huyo mapema, mjukuu wa kwanza anapozaliwa. Ntate Sekake mjukuu alimpata, Katiso, mtoto mwenye afya na makelele, na kondoo hakumtoa.

"Kondoo ni wa mkwe anayekaa jikoni," alikuwa akisema kwa watu. "Huyu wetu anakaa njiani na mkoba."

Maneno hayo Makatiso aliyasikia miaka mingi, akajitia hamnazo. Mumewe Lebeko yuko migodini Afrika Kusini, yeye na mtoto wanaishi boma moja na wazee, na kati ya nyumba yake na yao kuna ua wa matete. Maisha yalikwenda. Ila safari hii haikuwa suala la heshima ya nyumbani tu. Kupitia matete hayo alikuwa amemwona mzee asubuhi akishika ukuta kabla ya kupiga hatua. Alikuwa amefua, pamoja na mama mkwe, vitambaa vyenye damu ya puani. Na mdogo wake mzee alianguka shambani jembe likiwa mkononi, kiharusi, hakusema neno tena mpaka wakamzika. Makatiso aliogopa. Mwanamke aliyekuwa anafokea nusu ya wanaume wa bonde lile aliogopa mpaka chakula kikawa hakipiti.

Akapiga moyo konde. Akamfundisha mama mkwe kutumia mashine ya presha, mkanda unafungwa hivi, kitufe kinabonyezwa hiki, kisha yeye akaenda kukaa nyuma ya matete kuelekeza kwa sauti.

"Mama, mwambie mwenye nyumba aweke mkono juu ya meza."

"Kaweka."

"Asiongee."

"Mwambie huyo mtoto wa watu," ikaja sauti ya mzee, "kwamba nyumbani kwangu naongea ninapotaka."

Mashine ikanguruma, ikajaza upepo, ikahema, ikatoa alama ya kosa. Wakarudia. Kosa tena.

"Mama, mkanda umeufunga juu ya nini?"

"Juu ya mkono."

"Mkono mtupu?"

"Mkono na blanketi lake."

"Mama jamani! Blanketi la sufu? Hapo unapima presha ya kondoo!"

Mama mkwe akaangua kicheko. Mzee hakucheka. Blanketi la mwanamume wa Kisotho si shuka la kulalia. Analibana kwa pini kubwa kifuani, anapandia farasi nalo, anakaa nalo barazani kwa chifu, na watu humtambua kwa rangi zake akiwa mbali.

"Mwambie sivui blanketi mchana kweupe na mkwe yuko uani."

"Mama, mwambie siko uani, niko nyuma ya ua."

"Mwambie anasikia kila kitu, kwa hiyo yupo."

"Mama, mwambie kusikia si kuona."

"Mwambie..."

"Ah, mmenichosha!" mama mkwe akapiga meza. "Midomo mnayo nyote wawili, ambianeni wenyewe!"

Hata kuku pale uani wangeweza kuambiana. Wao hawakuweza. Mwisho mzee akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga duka, "Mwambie aandike nimekataa."

Makatiso hakuandika. Alipanda mpaka kwenye jiwe linaloshika mtandao, akampigia Daktari Nthatisi, akamweleza yote mpaka presha ya kondoo.

"Andika imekataa," daktari akasema. "Nyumba moja haiharibu utafiti, mdogo wangu. Usijiumize."

"Haijakataa, Dada. Imekwama. Mimi nyumba iliyokataa naijua. Hebu niambie, wauguzi wako wa zahanati hizi, wangapi wameolewa huko huko wanakofanyia kazi?"

"Karibu wote."

"Basi kila mmoja ana mzee wake nyuma ya matete. Na ukoo wake je? Baba wakubwa, baba wadogo, wote ni wakwe. Unaniuliza kila mwezi kwa nini wazee wanaume ni wachache kwenye utafiti, na mimi nakujibu eti ni wabishi. Si ubishi. Sisi wenyewe ndio hatuwezi kuwagusa, na tunaona haya kukwambia."

"Baba mkwe wangu," Daktari Nthatisi akasema taratibu, "presha yake siijui. Namnunulia viatu kila mwaka, presha yake siijui. Haya. Tubadilishane. Nesi wa ng'ambo ya mto aje kwako, wewe uende kwa wakwe zake. Naandika leo kila zahanati ifanye hivyo."

Kwa hiyo akaja Nesi Mantsebo, kutoka ng'ambo ya mto, juu ya farasi, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa ambaye hana ukoo wowote na akina Lefosa. Ntate Sekake alimpokea vizuri mno. Aliletewa uji mchachu wa mtama, akaulizwa habari za njia, za mvua, za mifugo ya kwao. Makatiso nyuma ya matete moyo ukaanza kumtulia. Mantsebo akatoa mashine.

"Hiyo ya nini?" mzee akauliza.

"Nimekuja kukupima presha, Ntate."

"Umevuka mto kuja kunipima mimi? Nyumba hii haina nesi?"

"Inaye, Ntate. Lakini ni mkwe wako."

"Najua ni nani wangu. Huyo ndiye anayempima chifu. Ramohapi alipopooza upande mmoja, nani alimsimamisha mpaka leo anatembea? Watu wanapanda farasi kutwa nzima kumfuata yeye. Halafu mimi niliyemuoza mwanangu huyo nesi, niletewe wa kuazima? Watasemaje huko nje? Kwamba akina Lefosa wana nesi asiyefaa hata kwao?"

Nyuma ya ua Makatiso alishika matete kwa mikono miwili. Miaka yote ile hakuwahi kusikia neno jema juu yake likitoka kwenye kinywa kile. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Basi avuke huu ua akupime," Mantsebo akasema.

"Hawezi."

"Na wa kumwezesha ni nani, Ntate?"

Mzee alikunywa uji wake, akafuta ndevu, akauliza tena habari za mvua.

Mantsebo alipokuwa anapanda farasi alimkonyeza Makatiso. "Acha kulia wewe. Mzee kajifunga kamba mwenyewe. Noa kisu cha kondoo."

Lakini siku zilipita na hakuna kilichotokea. Mzee alitoka, alirudi, alishika ukuta. Makatiso aliwahudumia watu zahanati, akawafokea kama kawaida, na kila mtu alipokuja mbio akipanda ule mlima, alidhani wanamletea habari za nyumbani. Akajilaumu, mara akamlaumu mzee. Kichwa kigumu gani hiki! Yaani mtu afe kwa kiburi na dawa ziko kabatini hapo juu!

Asubuhi moja, kabla hajaondoka, akamwona mzee amesimama zizini kati ya kondoo. Alikuwa anawashika mmoja mmoja mgongoni, anawaacha. Akalikamata jike moja jeupe, akalivuta hatua mbili, kisha mkono ukaenda kichwani, akakaa chini pale pale kwenye samadi. Jike hakuliachia.

"Mama!" Makatiso akapiga ukelele. "Mama, kimbia zizini!"

Yeye mwenyewe alikuwa ameshafika kwenye lango la ua. Mguu mmoja ulikuwa umetoka. Mama mkwe akampita mbio, akamshika mumewe kwapani, na mzee, badala ya kuongozwa nyumbani, akaelekeza uso kwenye matete. Wakaja hivyo watatu, mzee, mkewe na kondoo, mwendo wa mlevi, hadi langoni. Puani mwake damu ilikuwa inachuruzika.

"Mama Katiso," akasema. Hakusema "mwambie". Alimwambia mwenyewe. "Kondoo wako huyu. Nimekuchelewesha, mwanangu."

Makatiso alipiga magoti, akapokea kamba kwa mikono miwili, akaifunga kwenye nguzo ya lango. Sekunde ile ile akaruka kufuata mkoba.

Wakamketisha ndani. Damu ya puani ikakoma. Sasa ikabaki kazi, kazi ile ile aliyoifanya kwa mamia ya watu akiwa anazungumza habari nyingine. Alikuwa hajawahi kuuona uso ule kwa karibu. Akainamisha macho, akachukua mkanda, akauzungusha mkononi mwa mzee haraka haraka, akabana, akabonyeza.

Kosa.

Akabonyeza tena. Kosa. Mama mkwe akajiziba mdomo kwa ncha ya shuka, mabega yakaanza kucheza.

"Mkwe wangu," mzee akasema, "si hapo unapima presha ya kondoo?"

Makatiso akatazama. Mkanda ulikuwa juu ya blanketi. Yeye! Akataka ardhi impasukie. Akafungua kinywa kumwomba alivue, na neno halikutoka, maana kuna mambo ambayo hata kondoo hayafungui kwa siku moja.

Mzee aliona. Akapeleka mkono kifuani, akachomoa pini, akaiweka mezani. Akalishusha blanketi begani taratibu, akalikunja, akamkabidhi mkewe. Chini yake alikuwa na shati lililochakaa kola, na mkono aliounyoosha mezani ulikuwa mwembamba, wa mzee kabisa, mishipa juu juu.

Safari hii mashine ikasoma. Makatiso alisoma namba, akasubiri, akapima tena, namba ikawa ile ile.

"Baba," akasema. "Ni mbaya."

"Mbaya ya kufa?"

"Ukiiacha, ya kufa. Usipoiacha, utakuwa unanisikia kila asubuhi mpaka unichoke."

"Nilishakuchoka siku nyingi, na ua katikati." Akafungua kiganja. "Lete."

Akamwekea kidonge kiganjani kwa vidole vyake mwenyewe, akamshikia kikombe cha maji. Ntate Sekake akameza. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akafungua mdomo wake mpana na kunyanyua ulimi.