Jibini ya Maziwa ya Jirani

Mvua za vuli zilipoanza na kahawa kuchanua nyeupe shamba zima, niliwaalika majirani waje Jumapili baada ya ibada, tuonje mvinyo wa ndizi na jibini. Mvinyo niliununua gulioni Nkwenda. Jibini nilijifunza kuitengeneza kwenye simu, na mume wangu alinicheka wiki nzima. "Hapa hapa kijijini Nyaishozi, mtu akate maziwa kwa kisu?"

Maziwa alinipa bibi jirani, mfugaji aliyebakiwa na ng'ombe mmoja tu wa kukamua. Niliyachemsha, nikayakamulia ndimu, nikayachuja kwa kitambaa na kuyagandamiza kwa jiwe. Nikajiona fundi.

Wageni walikaa uani, harufu ya maua ya kahawa imejaa tele. Mvinyo ulipendwa. Jibini ilitazamwa tu. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, basi nikaonja, na bado hakuna aliyenyoosha mkono. Ndipo bibi akauliza kwa upole, "Mwanangu, maziwa yangu uliyafanyaje?"

"Niliyachemsha, bibi."

Sisi wakulima hatukuona neno, kila siku tunayachemsha kwa chai. Lakini mama mkwe, aliyekaa kando yangu, alinifinya goti, akaninong'oneza: kwa wazee wa wafugaji maziwa hayapikwi, yakipikwa kiwele cha ng'ombe hukauka. Bibi huyu hajawahi kunywa hata chai ya maziwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ng'ombe mwenyewe mmoja!

Bibi aliisogeza sahani karibu. Akapiga ishara ya msalaba, akachukua kipande, akatafuna polepole mbele ya watu wote.

"Chumvi imepungua," akasema. "Haya waitu, ndugu zangu, kuleni."

Sahani iliisha. Nimesoma, nimetembea miji ya watu, lakini moyo mkubwa kama ule sikuwa nimeuona.

Alfajiri nilikwenda kwake mbio. Nilimkuta amechuchumaa kando ya ng'ombe, anakipapasa kiwele. Kumbe naye hakulala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyamaza kwanza."

Akavuta chuchu. Halikutoka hata tone. Akavuta tena, maziwa yakapiga ndani ya chombo, povu likapanda. Alicheka kama msichana, machozi yakimtoka, nami nikalia naye.

Alipomaliza, akayagawa katika vibuyu viwili. Kimoja akakiweka kando yake.

"Hiki cha kunywa," akasema, akanisogezea cha pili. "Na hiki kapike."