Tangazo ya Mado

Juzi kwa soko ya Mbugangari mama mumoja alinifungia mandazi katika karatasi ya wanafunzi yenye ilinuka gundi, nikakumbuka gazeti yetu ya shule.

Mwalimu alisema darasa yote tutengeneze gazeti kama ya zamani, ya wakati volcan, ule mulima ya moto, ilitapika na watu ya Goma wakakimbilia huku Gisenyi. Kila mutoto aulize nyumbani habari moja. Mi niliuliza tate, mama ya mama yangu. Akasema: "Andika tunatafuta Mado, mutoto yangu. Iko na miaka sita, alivaa robe ya njano. Mukono yake iliniponyoka kwa barrière, pale mupakani."

Nikaandika, nikaongeza yangu: "Mwenye atamuona atapewa Fanta." Darasa ikacheka, mwalimu naye. Tukabandika gazeti kwa ukuta.

Kisha kila tukitoka kucheza nilisimama kwa geti, natafuta kasichana ka miaka sita. Sikufikiria kwamba Mado naye angekuwa amekomaa, kama angali muzima.

Siku ya wazazi tate alikuja na kitenge yake ya misa. Hakujua kusoma. "Soma pole pole," akaniambia. Nikasoma, nikaruka Fanta. Hakuna mwenye alicheka. Tate akauliza mwalimu: "Bon, na hii gazeti itafika Goma siku gani?"

Mwalimu akaangalia viatu vyake. Mi, fundi wa kujibu, nikasema: "Kesho, tate."

Kesho yake alivaa tena ile kitenge, akaikala kwa mulango mupaka giza.