Shati la Kaki la Mzee Wandera

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Leo tumemzika Mzee Wandera na nimerudi nalo nyumbani. Naliandika hapa kwenye group yetu ya kujitolea kwa sababu kulisema kwa mdomo siwezi. Mnanijua.

Siku ile patroli ilipokuta maji matupu, aliyetoa habari ni mimi. Si yeye.

Bado sijaamini kwamba hayupo. Asubuhi nimepita kwake nikaangalia kwanza kamba ya nguo, kama kila siku.

Wengine wenu mliingia juzi, kwa hivyo nieleze. Ile ghuba ya mafunjo hapa Port Victoria ndiko samaki aina ya ngege wanakotagia, na kuvua humo ni marufuku. Askari wa uvuvi ni watatu na mashua yao ni moja, ndiyo maana wanatuhitaji sisi tunaojua njia za mle ndani. Lakini siku ya patroli haitajwi kwa simu wala ufuoni. Ofisa wao humwambia Mzee peke yake, na Mzee huanika shati lake la kaki. Tukiliona tunajua ni kesho alfajiri.

Shati hilo alipewa miaka ya sitini, alipoanza kulinda samaki akiwa kijana, wakati ziwa lilipopanda likameza nyumba za ufuoni. Alisema siku hizo walizunguka kwa miguu, maji kiunoni, filimbi mdomoni. Mfuko mmoja wa shati ulikuwa umeshonwa mara nne.

Mnakumbuka siku mkewe alipolifua kweli? Tulifika ufuoni wote tisa na majaketi ya kuokolea, hakuna mashua, hakuna askari. Mzee akaja na kikombe cha chai akatutazama. "Leo mmeitwa na sabuni," akasema, akarudi kulala.

Alinifundisha kupima wavu. Vidole vitatu viingie kwenye tundu moja, la sivyo ni wa kuua vifaranga vya samaki. Aliponitazama mkono akasema vidole vyangu ni vyembamba mno, mimi nitumie vinne.

Nilikuwa nimemaliza form four na sina la kufanya. Alinipa kazi ya kuandika ripoti. Mlipolalamika kwamba siongei kwenye mikutano, aliwaambia, "Huyu akinyamaza anaandika. Mwacheni."

Sasa ile siku.

Nililiona shati mchana. Nikarudi nyumbani nikamkuta kaka yangu Ouma anakunja wavu ambao hata vidole vyangu viwili vingekwama. Mtoto wake alikuwa na wiki mbili. Alishawahi kukamatwa akaachiwa na onyo. Mara ya pili ingekuwa ni korti, Busia.

Nikamwambia asiende kesho. Akauliza nimejuaje. Habari ya shati sikuitaja, na haijui mpaka leo. Lakini naye aliwaambia wenzake wawili, na hao wakawaambia wengine.

Alfajiri tulikuta vigingi tu, na matope yaliyochimbuka pale nyavu zilipong'olewa. Ofisa hakupiga kelele. Alisema kati yetu kuna mtu ametoa habari, na asipomjua ataivunja group yote.

Wote tuliangalia vigingi. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu ya ripoti.

"Niandikeni mimi, boss," Mzee akasema. "Ni mdomo wa uzee."

Ofisa akamwambia apumzike nyumbani. Nami nikaandika. Jina lake, kwa mwandiko wangu, vizuri kabisa.

Tangu siku hiyo wavuvi walimwita Redio. Akipita wanauliza, Redio, leo kuna habari gani? Aliwainulia mkono tu, akaendelea na safari yake.

Baada ya wiki alinikuta nachota maji. Akauliza mtoto wa Ouma anaendeleaje. Hapo nikajua kwamba anajua. Nikaanza kusema, akanikatiza.

"Jina langu limeshachakaa, mjukuu. Lako bado jipya, lina kazi ya kufanya."

Ilifaa nikatae pale pale. Badala yake nilijiambia nitasema Jumapili, baada ya kanisa. Jumapili ikapita. Nyingine ikapita. Kila mara ofisa alipokuja nilikuwa na sababu. Mzee akaugua kifua, wakampeleka hospitali ya Nangina, nami nilikuwa bado nangoja Jumapili.

Leo aliyesoma habari za maisha yake alitaja kanisa, ng'ombe na wajukuu. Ziwa hakulitaja hata mara moja. Ofisa alisimama nyuma kabisa, karibu na ua, akaondoka kabla ya udongo kuisha. Nimechoka, si kwa kulia. Nimechoka kubeba.

Kesho naenda ofisini na ripoti nyingine. Ni ile ile, ila penye jina lake nimeandika langu. Ouma atakasirika, nitamkuta jioni. Mkiniondoa kwenye group nitaelewa. Mwambieni kila mtu, ufuoni, sokoni, mpaka Marachi: Mzee Wandera hakuwahi kutoa habari.

Jioni hii mkewe aliniita jikoni akanipa shati, limekunjwa ndani ya gazeti. Alisema Mzee aliacha neno kwamba ni la mwandishi. Mkiniondoa, nitampa mtakayemchagua. Mkiniacha, na ofisa akikubali, nitalianika kwetu.

Kuka, babu yangu wa ziwani, umesimama majini miaka mingi. Toka sasa, ujikaushe, ulale. Mimi nitaangalia mafunjo.

Na ninyi wenzangu, hayo yote yanayonihusu yasemeni. Ila shati libaki letu. Mkiliona kwenye kamba ya mama, tafadhali msimwambie mtu, hata wa nyumbani kwenu.