Nilivyomlilia Bi Zuhura Akiwa Hai

Jamani, chekeni mapema mmalize, maana aibu hii naona bora niisimulie mwenyewe kuliko mkaisikia kutoka Itetemia, ambako kila nyumba ina yake ya kuongeza. Ndiyo, ni mimi niliyemlilia mtu mzima hadi kugaragara chini, na mwenyewe yuko uani anaonja pilau.

Mnajua wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita nikalea wadogo wanne, na wa mwisho, Yona, ndiye huyu daktari, sasa yuko kwenye mafunzo ya udaktari wa familia katika kituo cha afya, nami nauza chai na mihogo mbele ya geti lao (watu wananiita Mama Yona ingawa ni dada yake, na sijawahi kumsahihisha mtu).

Basi Ijumaa moja jioni Yona akarudi nyumbani, akaisukuma sahani kando.

"Dada, leo nimemwandikia mgonjwa wa presha dawa ya sukari. Wawili majina yanafanana, nikachukua faili la mwenzake."

"Nani?"

"Siwezi kukutajia. Hata hili sikupaswa kulisema. Ila yuko salama."

"Mkuu wako anajua?"

"Nimemwambia mwenyewe, na nimeandika kila kitu. Kesho saa nne tunakaa kulizungumza."

Neno "nimeandika" lilinitisha, maana kwa akili yangu mimi jambo likishaandikwa ni kesi, na kesi ni Yona kuvuliwa koti jeupe baada ya miaka yote ile. Nikamwambia, "Mambo haya huishia nyumbani kwa mgonjwa, kwa maneno mazuri. Nani kakutuma uandike?"

"Nikificha, dada, hilo ndilo litakuwa kosa la pili. Tafadhali, usiende popote."

Nikamwambia siendi. (Nilikuwa nishaamua.)

Jina hakulitaja, lakini mtu anayekaa getini kutwa anahitaji kutajiwa nini? Alasiri ile nilimwona muuguzi akimfuata Bi Zuhura, mama wa Itetemia anayetibiwa pale, kwa bodaboda na kumrudisha, naye akabaki mle ndani hadi jioni. Kwa hiyo Jumamosi saa mbili asubuhi nikavaa kanga zangu nzuri, nikachukua chupa ya asali ya Sikonge, nikashika njia ya Itetemia ili niwe nimeyamaliza kabla ya saa nne, na nilitembea kwa kujiamini kama mwenyekiti wa mtaa.

Nafika, naona turubai. Mikeka imetandikwa, wazee wamevaa kanzu, shehe anaomba dua, na neno la kwanza kunifikia sikioni ni "marehemu".

Nilipiga hesabu moja tu: dawa Ijumaa, turubai Jumamosi.

Palepale nikapiga magoti mbele ya shehe (hata viatu sikuvua, nimekanyaga mkeka wa watu), nikapiga yowe, "Nisameheni! Maskini Bi Zuhura! Mdogo wangu hakukusudia, alimpa dawa ya sukari badala ya presha yake, msimpeleke polisi, nichukueni mimi!"

Mzee mmoja akapiga kofi la furaha: "Mtani kafika!"

Hapo ndipo balaa liliponoga. Baba yetu alikuwa Mgogo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, na wenyeji wale ni Wanyamwezi, na utani wetu na wao ni wa tangu mababu zao walipokuwa wakipita Ugogo na misafara kwenda pwani. Kwenye shughuli ya marehemu mtani ana ruhusa ya kulia machozi ya uongo, kujibiringisha, hata kumsema vibaya aliyekufa. Sasa mimi nalia ya kweli, na wao wanaona nimeiva!

"Mgogo huyo, kaanza kuomba hata pilau haijaiva!"

"Mwacheni alie, ndiyo kazi aliyoitiwa!"

Nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kushangilia, kina mama wakapiga vigelegele, na mmoja akanitupia kanga nifutie kamasi. Ndipo Bi Zuhura mwenyewe akatokea kutoka uani, upawa mkononi.

"Nani ananililia na mimi nipo?"

Kumbe ilikuwa hitima ya marehemu kaka yake. Nikamnyooshea ile chupa.

"Asali?" akasema. "Jana mmenipa dawa ya kushusha sukari, nikanyweshwa chai ya sukari na kupimwa hadi jioni, leo asali! Nyumba yenu ina ugomvi gani na damu yangu?"

Watu wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Akainama karibu nami.

"Mama Yona, yule kijana alinieleza mwenyewe mbele ya mkuu wake alichokosea, akaniomba radhi, nikamsamehe. Nikamwomba jambo moja tu, ugonjwa wangu usitoke nje. Wanangu walikuwa hawajui kama nina presha. Sasa tazama ulipopigia magoti."

Nikatazama. Kipaza sauti cha shehe kilikuwa kimelazwa juu ya mkeka, mbele ya kidevu changu, taa yake inawaka.

Mwanawe mkubwa akasimama. "Kumbe huyo daktari anapeleka siri za wagonjwa nyumbani kwao?"

Kicheko kiliisha pale, na mimi ndipo nikaelewa kwamba juu ya kosa alilokwisha kulisema na kusamehewa nilikuwa nimemzalishia jingine, baya zaidi.

Sikujificha, hilo nijisifu kidogo. Nilikwenda moja kwa moja hadi kituoni, vumbi la Itetemia lingali kwenye magoti, nikamsimulia Yona yote. Hakunifokea. Alisema tu, "Na hili nalo lazima nilipeleke."

"Lipeleke na mwenye nalo," nikamwambia, tukaingia wote kwa mkuu wake.

"Nani alikutajia jina?" mkuu akaniuliza.

"Macho yangu, daktari. Yona alikataa."

Akamgeukia Yona. "Hata bila jina, dada yako anakaa getini petu. Ulipofungua mdomo ulimpa nusu, nusu akajaza mwenyewe."

"Ni kweli, daktari. Sikupaswa kusema," akajibu Yona, bila kunitupia lawama hata chembe.

Hakufukuzwa. Aliambiwa kila dawa atakayoandika kwa mwezi mzima itatazamwa kwanza na mkuu, na kwamba Bi Zuhura atafuatwa aelezwe. Nikasema hilo la mwisho niachiwe nitangulie. Yona akanisindikiza hadi getini, akanipa agizo moja: "Sema ulichofanya, dada. Usiseme 'lakini'."

Alasiri nikarudi Itetemia mikono mitupu. Bi Zuhura alikuwa kakaa na wanawe. Nikasema, "Yona hakunitajia jina lako. Mimi nilikisia, na ni mimi niliyeitangaza siri yako. Nisamehe."

Akangoja. Yale "lakini" kumi yalinijaa mdomoni (kwamba nilidhani umekufa, kwamba nani anaacha kipaza sauti kinawaka), nikayameza moja moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sijakusamehe leo," akasema. "Ila kesho kutwa nina kliniki, na nitatibiwa na yuleyule."

Basi jamani, tangu siku ile nimeapa. Yona nilimbeba mgongoni alipokuwa hajui kutembea, na ningembeba tena, ila makosa yake na ayabebe mwenyewe, maana nimeona anajua kuyabeba kunishinda.