Mpunga Ulikuwa na Walinzi Wawili

Mpaka leo nikimkumbuka yule kijana wa duka la dawa, damu inanichemka. Nilimweleza kwamba binti yangu wa kidato cha tatu ana mwezi mzima hapati usingizi, anasinzia darasani mpaka mwalimu kanipigia simu. Hakuuliza hata swali moja. Akashusha kichupa chenye picha ya mwezi.

"Hivi ni virutubisho tu mama, siyo dawa. Wala havina shida."

"Umempima saa ngapi?"

"Sisi hatupimi, mama. Tunasaidia."

Kusaidia! Binti alikuwa ameegemea kaunta, macho mekundu, na yeye hakumtupia hata jicho. Lakini niseme ukweli, ilibaki kidogo tu ninunue. Mpunga wetu kule Namawala ulikuwa umetoa masuke, nguruwe pori wameshauonja, na mimi nilitaka kitu cha kummezesha mtoto jioni ileile ili alfajiri nirudi shambani.

Hasira ndiyo iliyonizuia. Nilimshika binti mkono tukaenda zahanati, nikapate mtu aliyesomea wa kuniambia kama kile kichupa kinafaa. Muuguzi, mama mtu mzima, hakutaka hata kuanzia huko.

"Tutafika kwenye kichupa. Kwanza niambie, usiku analala na nani?"

Swali hilo liliniudhi. Nikamjibu kwamba analala na mdogo wake wa darasa la pili, nyumbani Katindiuka, kama watoto wengi wa wakulima wa hapa. Msimu wa kulinda mpunga sisi wazazi tunahamia shambani, tunalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti. Wanaosoma wanabaki. Hata mimi mama yangu aliniacha hivyohivyo. Kosa liko wapi?

"Sijasema kosa, mama. Nimeuliza." Akamgeukia binti. "Wewe mwanangu, ukilala inakuwaje?"

"Silali. Nalinda."

Alisema kama anayetaja kazi ya kuosha vyombo. Akaeleza kwamba komeo la mlango wa nyuma lilikatika wiki tuliyoondoka. Usiku mmoja mtu aliusukuma mlango, akaondoka aliposikia kikohozi ndani. Tangu siku hiyo anaweka kiti mlangoni, anakikalia mpaka kunakucha.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilimfokea, ndiyo, mbele ya muuguzi.

"Ulisema nisiwasumbue kwa vitu vidogo, mpunga ndio shule yetu." Alitazama sakafu. "Kule shambani wewe na baba mnapokezana, mmoja akilinda mwenzake analala. Mimi napokezana na nani?"

Hasira yote niliyombebea yule kijana wa dukani ilinigeukia mwenyewe, na haijaniacha. Watu wazima wawili, tochi mbili na makopo ya kugonga, vyote kwa ajili ya mpunga.

Tulipofika nyumbani nilimtafuta fundi, akasema atakuja kesho. Nikampigia simu mume wangu kumwambia sirudi shambani.

"Na nguruwe je?"

"Waache wale."

Nilipokata simu binti alikuwa ameshalala kwenye mkeka, saa tisa mchana, sare ya shule bado mwilini. Nikakivuta kile kiti, nikakaa mlangoni.