Neno Nililorudi Nalo Kutoka Vienna

Niliposimama kanisani kwetu Wheaton, Maryland, kuomba maombi ya safari, nikasema naenda Vienna, kina mama wa safu za nyuma waliangua kicheko. Kwa sisi tunaoishi kandokando ya Washington, Vienna ni kituo cha mwisho cha treni kule Virginia, mahali watu wanapoacha magari asubuhi wakienda kazini. Rafiki yangu mmoja Mtanzania akaniuliza kila mtu asikie, "Sasa dada, maombi ya nini? Si unapanda treni tu, unashuka mwisho?" Nikacheka nao. Ningewaambia nini? Kwamba naenda Vienna ile nyingine, ya Austria, kumrudisha binti yangu kwa baba yake, na kwamba neno moja linaloweza kumrudisha nimekatazwa kulitamka?

Binti yetu ni huyo mmoja tu. Alikuwa mwaka wa tatu wa unesi alipotangaza kwamba anaacha, anakwenda Ulaya kusomea kazi ya hoteli. Baba yake alikuwa ameendesha basi la shule miaka mingi ili mtoto asome, na siku hiyo alisema maneno mazito. "Uache unesi uvuke bahari kwenda kubeba sinia? Haya, nenda. Lakini ukitoka mlango huu, usinihesabu tena kama baba." Mtu aliyelelewa kwetu, bara, angejua kwamba maneno ya baba mwenye hasira huachwa kwanza yapoe kama uji. Binti yangu amezaliwa Maryland. Aliyabeba yakiwa moto vile vile, akaondoka nayo, na kwa miaka miwili hakumpigia baba yake simu hata mara moja. Mimi alinipigia kila Jumapili. Baba mtu alikaa chumba cha pili, ameizima televisheni sauti, akisikiliza.

Mwaka wa pili figo za mume wangu zikagoma. Sasa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakaa kwenye kiti cha kliniki, mashine ikimsafisha damu, na akirudi nyumbani anajilaza kochini kama aliyelima shamba la watu watatu. Siku moja ya Septemba, akiwa amelala hivyo, aliniambia huku anatazama dari, "Nenda ukamlete."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nyumba ni yake." Kisha akanishika kifundo cha mkono. "Lakini habari ya figo usimwambie. Sitaki aje kwa huruma. Apa."

Nikaapa. Mimi huapa haraka, ndiyo tabia yangu mbaya. Hasira ilikuja baadaye, nikiwa naosha vyombo. Wapiganapo tembo wawili nyasi huumia, na nyasi zenyewe zilikuwa mimi, mwenye ruhusa ya wiki moja kutoka kazini na mwenye kutafuta ndugu wa kanisani wa kumpeleka mzee kliniki siku ambazo sipo.

Basi Oktoba nikaenda. Binti yangu alinipokea uwanja wa ndege, akanikumbatia muda mrefu, na mchana huo huo akanipeleka kwenye mkahawa anaofanya kazi. Nimeingia mikahawa mingi Marekani, lakini ule niliuingia taratibu, kama mtu anayeingia kanisa la wenyewe. Dari lilikuwa juu kabisa, lina taa za vioo zinazoning'inia kama vishada. Meza zilikuwa za marumaru, makochi ya mahameli nyekundu iliyochakaa mahali pa kukalia, na magazeti yamebanwa kwenye fimbo za mbao, yametundikwa ukutani kama nguo. Wazee walikuwa wameketi peke yao, kila mmoja na kikombe chake. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nje majani ya manjano yalikuwa yanaanguka, na kila mlango ulipofunguliwa baridi iliingia na harufu ya njugu za kuchoma.

Kahawa ililetwa juu ya sinia dogo la fedha, na glasi ya maji pembeni, kijiko kimelazwa juu ya glasi. Nikauliza maji ni ya nini. Binti yangu alieleza kwamba ni ya kumwambia mgeni akae. Maji yakiisha wanaleta mengine. Bili hailetwi mpaka mwenyewe uiombe, hata ukikaa mpaka jioni na kikombe kimoja. Nikafikiria kwetu Wheaton, ambako bili inatua mezani wakati bado unatafuna.

Nisidanganye, nilipenda. Kwetu kahawa tuliichuma tu, chai ndiyo tuliyokunywa, na nilikuwa sijui kwamba yale matunda mekundu tuliyoyachuma matawi yakinikwaruza mikono utotoni huishia kuwa kitu kama hiki, cha moto, chungu, kimefunikwa malai ya maziwa. Kila asubuhi binti yangu aliniandikia jina la mkahawa mwingine kwenye karatasi, nami nikaenda peke yangu. Mmoja ulikuwa na piano. Mwingine ulikuwa na giza zuri na keki ya tofaa iliyonifanya nifumbe macho. Nilikaa saa nzima bila kuhudumia mtu yeyote, mimi ambaye kazi yangu ni kuwainua wazee, kuwalisha na kuwafuta midomo. Na kila nilipofurahi nilijionea haya. Sikutumwa kuja kunywa kahawa.

Alasiri nilirudi pale anapofanya kazi, nikakaa pembeni, nikamtazama. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akijifungia chumbani wageni wakija, nikimwita alete chai mpaka sauti ikanikauka. Sasa alipita katikati ya meza na sinia la glasi nne juu ya vidole, amenyooka, tone lisimwagike. Wazee walimwita kwa kuinua kidole tu, naye alikuwa anajua nani anakunywa nini. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amekonda. Ningemkuta analia, ningemfungia mzigo siku ile ile. Nilimkuta amenawiri, na mama gani anaweza kumwombea mtoto wake asinawiri?

Siku ya pili nikamwaibisha. Watu waliingia wengi, nikamwona mwanangu anakimbizana na meza sita, na mikono yangu haijui kukaa. Nikapanga vikombe vyangu kimoja juu ya kingine, nikakusanya na vya meza ya jirani, nikafuta makombo kwa kitambaa, nikanyanyuka na vyombo kuelekea jikoni. Mkahawa mzima uliacha kusoma magazeti. Mhudumu mkuu, mzee mwenye mvi na tai ya kipepeo, alinifikia katikati ya ukumbi, akainama, akavipokea vile vyombo mikononi mwangu, akanirudisha kwenye kiti changu kwa adabu kubwa, kama mimi ndiye mgonjwa. Binti yangu alikuja mbio, uso umemwiva.

"Mum, please. You can't do that here."

"Nilikuwa nakusaidia."

"I know." Akashusha pumzi. Halafu akasema kwa Kiswahili, ambacho huwa anakisikia tu hakisemi, "Hapa wewe ni mgeni."

Alisema kwa upole, lakini liliniingia. Kuambiwa na mtoto uliyemzaa kwamba wewe ni mgeni, na kujua kwamba ni kweli.

Mume wangu alipiga simu kila siku. Hakuuliza jambo lenyewe hata mara moja. "Huko kuna baridi?" Ipo. "Amevaa vizuri?" Amevaa. "Kahawa yao tamu?" Tamu. Kisha, "Haya." Jumatano alipiga akiwa kliniki, kwao bado asubuhi. Nilikuwa mkahawani, na binti yangu alikuwa akibadilisha glasi yangu ya maji mashine ilipoanza kulia kule, ile milio yake mitatu mitatu. Ilisikika wazi mpaka mezani.

"Ni nini hiyo?" akaniuliza.

Nikamtazama. Mkono wake ulikuwa bado kwenye glasi. Baba yake alikuwa upande wa pili wa simu, na najua alimsikia sauti, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili. Watu watatu tulikuwa karibu hivyo.

"Ni mashine ya kufulia," nikasema.

Akaenda zake kuhudumia meza nyingine. Mume wangu akasema, "Haya," akakata.

Siku yangu ya mwisho alikuwa mapumzikoni. Tukakaa wote wawili upande wa wageni, na yule mzee wa tai alituhudumia mwenyewe, akamwekea binti yangu kijiko juu ya glasi kama anavyomwekea mtu yeyote. Nikaona siwezi kuahirisha tena. Nikamwambia, "Baba yako amenituma. Amesema nyumba ni yako. Rudi nyumbani, mwanangu, hata kwa muda tu."

Alikizungusha kikombe chake. "He said that? Maneno hayo?"

"Hayo hayo."

"Then why didn't he come?"

Hapo ndipo nilipokuwa nikipaogopa tangu Septemba. Jibu nilikuwa nalo, fupi, la kweli. Ningelisema, angesimama hapo hapo akavaa koti. Nilimjua. Lakini nilimjua na baba yake, jinsi angemwona mtoto anaingia na machozi tayari usoni, na jinsi ambavyo asingenisamehe. Nikanywa maji. Maji yakaisha, mzee akaleta mengine.

"Ana kazi," nikasema.

Basi la shule alikuwa ameliacha tangu figo zimgomee. Binti yangu hakulijua hilo. Alicheka kicheko kidogo kisicho na furaha. "Kazi," akasema. "It's always kazi." Halafu macho yake yakajaa, akayafuta upesi kwa sababu wenzake walikuwa wanatuona. "Mwambie akuje mwenyewe. Tell him I'll bring him the coffee myself. I'm not angry, Mum. I just want him to come. Mara moja tu."

Nilikaa pale na neno mdomoni, nikilimeza pamoja na kahawa nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa. Sijawahi kujiona mtu bure namna ile. Mbele yangu binti anayemtaka baba yake, nyuma yangu baba anayemtaka binti yake, na mimi katikati nimekaa kwenye mahameli. Jioni ilipoingia ni yeye aliyeinua kidole kuomba bili.

Jumamosi nilitua uwanja wa ndege wa Dulles. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya ukuta mdogo pale wanapotokea abiria. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa suti ya Jumapili ambayo siku hizi inampwaya, na mkononi ameshika lile jaketi la zambarau ambalo binti yetu aliliacha kabatini. Nilifika mbele yake naye bado anatazama mlango juu ya bega langu.

"Yuko kwa mizigo?"

"Baba, hakuja."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba basi limepita. "Alisema nini?"

"Alisema uende mwenyewe. Hana hasira na wewe. Anataka tu wewe uende."

"Na ulimwambia kwa nini siwezi?"

"Sikumwambia. Si nilikuapia?"

Hapo akaacha mlango, akanitazama mimi. "Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Kabisa?"

Nikatikisa kichwa. "Nilijua utamwambia," akasema. "Wewe, mama, huwezi kukaa na kitu. Nilijua tu utamwambia."

Nilifungua mkoba, nikatoa simu. "Basi nampigia sasa. Sasa hivi."

Alianza kulikunja lile jaketi, mkono mmoja juu ya mwingine, taratibu, akilipapasa lisiwe na makunyanzi.

"Wacha," akasema bila kuniangalia. "Usimwambie."

Watu walikuwa wakitupita na masanduku yao. Nikasimama pale na simu imewaka mkononi, nisijue safari hii nitii ama nisitii.